Jokofu linaloganda nyuma ya ukuta: shajara ya kutafuta na kubadilisha kihisio cha kuyeyusha barafu, Lamu

Jokofu ninaloandika habari zake ni la shangazi yangu, mtaa wa Langoni, Lamu. Lina milango miwili, friza juu na sehemu ya vyakula chini, na ni la aina inayoyeyusha barafu yake yenyewe bila kuzimwa. Kibandiko cha nyuma kinaonyesha kuwa gesi yake ni R600a. Shangazi hulitumia kwa samaki wa nyumbani na kwa barafu za ukwaju anazowauzia watoto wanaotoka chuoni (madrasa), kwa hiyo likiharibika na pato lake hupungua. Kulipeleka kwa fundi Mombasa kungehitaji mahamali wa kulishusha ngazi, mashua ya kulivusha hadi Mokowe, upande wa bara, na gari la mizigo kutoka hapo. Nikaamua kazi ifanyike palepale jikoni. Naandika kila hatua ilipokwisha, na makosa nayapa nafasi kubwa kuliko yaliyofanikiwa, kwa kuwa ndiyo yaliyokula fedha na siku.

Jumamosi, 1 Februari 2025

Kipimajoto kimeonyesha nyuzi 9 chini ya sifuri katika friza, ambako pangepaswa kuwa 18 chini ya sifuri, na nyuzi 14 katika sehemu ya chini, ambako maziwa yalikwisha kuchacha. Kompresa haipumziki. Feni ya ndani inakwaruza kama inayosugua kitu kigumu.

Fundi aliyeitwa kabla yangu aliweka kiganja ndani, akasema gesi imekwisha, akataka shilingi 4,500 za kuijaza. Alilipwa 500 za kuja. Nilimwomba shangazi asubiri siku moja, kwa sababu upungufu wa gesi una alama yake: koili ya ubaridi iliyo nyuma ya ukuta wa friza huganda kipande kidogo tu, pale gesi inapoingilia, na sehemu inayobaki huwa tupu. Koili iliyofunikwa na barafu yote, juu hadi chini, inaonyesha kuwa ubaridi upo wa kutosha na kwamba kilichokwama ni kazi ya kuiyeyusha barafu hiyo. Haiwezekani kuyajua haya kwa kiganja. Lazima ukuta ufunguliwe.

Nilichomoa waya ukutani, nikatoa skrubu 4, kisha nikafanya kosa la kwanza. Ukuta wa plastiki ulikuwa umeshikwa na barafu kwa nyuma, nami nikautia bisibisi pembeni nikaubandua kwa nguvu. Kona ya kushoto ilipasuka. Ningeacha mlango wazi kwa saa moja na bakuli la maji ya moto ndani, ungetoka wenyewe.

Nyuma yake hapakuonekana koili. Palikuwa na bonge jeupe la unene wa vidole viwili, limeenea kutoka tundu la kutolea maji hadi kwenye mapanga ya feni. Gesi basi haina kosa.

Kwa asiyejua mashine hizi zinavyofanya kazi: kila mlango unapofunguliwa, hewa yenye unyevu huingia na mvuke wake huganda juu ya koili, na katika majira ya Kaskazi hapa Lamu mvuke si wa kutafuta. Bodi ya kielektroniki huhesabu saa ambazo kompresa imefanya kazi; zikitimia, huisimamisha kompresa na feni, huwasha hita iliyo chini ya koili, na husubiri kihisio kilichobanwa kwenye koili kiiarifu kuwa joto limefika. Hapo huzima hita na kuanza upya. Kati ya bodi na hita kuna fyuzi ya joto, ambayo hukatika hita ikipitiliza. Kimoja kati ya hivi vinne kikikosea, barafu hujikusanya hadi iizuie hewa isishuke chini, ndiyo maana sehemu ya chini huwa ya kwanza kupata joto.

Jumapili, 2 Februari 2025

Kuyeyusha kumechukua saa tatu, kwa mabakuli ya maji ya moto na draya ya nywele. Jirani alipendekeza jiko dogo la makaa liwekwe mbele ya mlango ili tumalize haraka. R600a ni gesi inayoshika moto, na mabomba ya koili ni alumini nyembamba. Jiko nililikataa, na kisu cha shangazi vilevile. Tundu la maji lilikuwa limeziba kwa barafu, nikalizibua kwa bomba la sindano lenye maji ya vuguvugu.

Jioni friza ilifika 18 chini ya sifuri na sehemu ya chini ikafika 4. Nikamwambia shangazi kazi imekwisha. Hilo ni kosa la pili, nalo lilitokana na furaha: nilikuwa nimeondoa barafu, sikuwa nimeuliza kwa nini ilikaa.

Jumamosi, 8 Februari 2025

Siku sita, na feni imeanza kukwaruza tena. Kilo 3 za nguru zimeharibika. Shangazi hakugomba, alisema tu, “Mwanangu, kazi iliyokwisha haina sauti,” akaenda kuomba nafasi katika friza ya jirani.

Leo nimepima kila kifaa kwa multimita, mita ya kupimia umeme, jokofu likiwa limechomolewa. Hita imeandikwa wati 150 kwa volti 220, ambayo kwa hesabu ni ukinzani (jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita) wa omu 323 hivi. Mita ilisoma 318, kwa hiyo ni nzima. Fyuzi ya joto inapitisha umeme. Feni inazunguka vizuri barafu ikitolewa. Kihisio, ambacho mafundi wetu hukiita sensa, kilisoma kiloomu 7.1 (yaani omu 7,100) jikoni penye nyuzi 30.

Hapa nilipotea. Kihisio cha namna hii hupunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda, na cha kawaida katika majokofu mengi huwa na kiloomu 10 kwenye nyuzi 25, yaani kama 8 kwenye nyuzi 30. Niliona 7.1 na 8 ni majirani, nikaandika “kizima”, nikahamia kwenye lawama iliyobaki, ambayo ni bodi. Niliulizia bodi kwa simu Mombasa, nikaambiwa shilingi 6,800. Muuzaji hakuwa nayo dukani, na kukosa kwake ndiko kulikoniokoa.

Jumanne, 11 Februari 2025

Nimenunua mita ya wati inayochomekwa kati ya waya wa jokofu na soketi ya ukutani, shilingi 1,500. Ni kifaa ghali kuliko vyote nilivyonunua katika shajara hii, na ningeshauri kinunuliwe kwanza, kwa sababu kinaonyesha jokofu linafanya nini bila kulifungua. Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa tano nikapoteza hesabu. Usiku wa pili nilikaa na daftari.

Saa saba na dakika kumi usiku, kompresa iliyokuwa ikila wati 95 ilinyamaza, mita ikashuka hadi wati 3, kisha ikaruka hadi 163. Hiyo ni hita: volti zilizokuwepo ni 228, na kwa ukinzani wa omu 318 hesabu inatoa wati 163 hivi. Basi bodi inahesabu saa zake vizuri, inatoa amri, na hita inaitika. Nilikuwa karibu kulipa 6,800 kwa kitu kisicho na kosa.

Lakini baada ya dakika 6 hita ilizimwa. Dakika 6 hazitoshi kuyeyusha barafu ya nusu siku. Anayeiambia bodi kwamba joto limetosha ni mmoja tu, naye ni yule niliyemwandikia “kizima”.

Ijumaa, 14 Februari 2025

Niliagiza kihisio kipya kwa simu. Muuzaji aliniuliza aina ya jokofu, akasema sensa za difrosti, yaani za kuyeyusha barafu, zote ni moja, nami nilikubali kwa kuwa umbo katika picha lilikuwa lilelile, hata kibanio chake. Shilingi 400, na 300 za kifurushi: basi hadi Mokowe, mashua hadi gati la Lamu.

Niliyeyusha barafu mara ya tatu, nikakata kihisio cha zamani, nikakisokota kipya kwenye nyaya na kukizungushia utepe wa umeme. Usiku nilikesha kwenye mita. Hita iliwaka dakika 4. Kipya kilikuwa kibaya kuliko cha zamani.

Asubuhi nilikipima, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kukifunga: kiloomu 4.0 kwenye nyuzi 30. Ni kihisio cha kiloomu 5, nusu ya kile ambacho bodi hii inakitarajia. Matokeo yake yafaa kuelezwa, kwani kosa hili halijulikani kwa macho. Tuseme bodi huzima hita kihisio kinapoonyesha nyuzi 10, ambazo kwa kihisio cha kiloomu 10 ni ukinzani wa karibu 20. Cha kiloomu 5 huufikia ukinzani huohuo kikiwa kwenye nyuzi 3 chini ya sifuri. Yaani bodi inaamini kwamba koili imekwisha kukauka, ilhali hakuna hata tone moja lililoanza kuyeyuka.

Jumatatu, 17 Februari 2025

Kabla ya kuagiza kingine nilitaka kujua kwa hakika cha zamani kilikuwa na thamani gani na kiliugua nini. Njia ni ya bei rahisi, na inahitaji barafu iliyopondwa na maji kidogo. Barafu ikielea ndani ya maji yake na kukorogwa, hukaa kwenye nyuzi sifuri hadi ikaribie kwisha, na hapo mtu anakuwa na kipimo ambacho hakihitaji kipimajoto.

Niliponda barafu hadi ikajaa kikombe, nikaongeza maji ya kuziba nafasi, nikasubiri dakika 10. Kihisio chenyewe hakifai kuguswa na maji, maana kikiwa na ufa kitadanganya zaidi. Mtu angetafuta mfuko mwembamba wa plastiki, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017 na jikoni kwa shangazi haipo. Nilikata kidole cha glavu ya mpira, nikakitia kihisio humo, nikafunga mdomo kwa uzi huku nyaya zikiwa nje.

Kihisio cha kiloomu 10 cha aina iliyoenea husoma karibu 33 kwenye nyuzi sifuri. Cha shangazi kilisoma 21. Kwa bodi, 21 ni nyuzi 9 za joto. Kikombe kimejaa barafu, na kihisio kinasema barafu ilikwisha kuyeyuka.

Kisha nilikikausha kwa draya, kwa mbali, dakika 20, nikakirudisha katika kikombe. Kilisoma 32.

Maelezo yanajipanga yenyewe. Pale nyaya zinapoingia kwenye kichwa cha kihisio, gundi imepasuka ufa mwembamba kama unywele, na shaba iliyo ndani imeota kutu ya kijani. Unyevu umeingia, na hewa yetu ya chumvi haichelewi kuzila nyaya, hivyo umeme unapata njia ya pembeni yenye ukinzani wa kiloomu 60 hivi. Jikoni penye nyuzi 30, kihisio kina kiloomu 8, na njia ya pembeni ya 60 inakishusha hadi 7.1 tu, nani angeshuku? Kwenye barafu kihisio kina 33, na njia ileile ya 60 inakiangusha hadi 21. Ugonjwa ni uleule, ila chumbani umejificha na kwenye baridi unaonekana. Nilikuwa nimekipima mahali ambapo hakiwezi kukamatwa.

Na kingine: kila mara nilipoyeyusha barafu kwa draya nilikuwa ninakikausha kihisio bila kujua, nikikipa nafuu ya siku chache. Ule ushindi wa tarehe 2 Februari ulikuwa dawa ya maumivu.

Alhamisi, 20 Februari 2025

Safari hii nilimpigia muuzaji mwingine na kumpa masharti: kihisio cha kiloomu 10, na kabla hajakifunga katika kifurushi akitie kwenye glasi ya barafu na maji na kunisomea mita. Alicheka, lakini alikubali. Cha kwanza kilisoma 27. Nilikikataa. Vihisio vya kiloomu 10 ni vya aina zaidi ya moja. Kwenye nyuzi 25 husoma sawasawa, lakini kimoja hupanda hadi 27 kwenye sifuri na kingine hadi 33, na bodi hujua aina moja tu. Cha pili kilisoma 32.5. Kilifika kwa 550, na 300 za njia.

Kufunga kumechukua muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri, maana utepe wa umeme niliozungusha tarehe 14 ulikuwa umekwisha kulowa ndani ya siku chache. Maungio nimeyalehemu, nikayavika mpira wa kusinyaa kwa joto, nikajaza silikoni kwenye midomo yake miwili na kuiacha ikauke saa 12. Kiungo kimefungwa juu ya koili, na waya umeachwa ushuke kidogo kisha upande kabla ya kufika kwenye kiungo, ili tone linalotiririka juu ya waya lidondokee kwenye kona ya chini lisifike kwenye lehemu. Kihisio kimerudishwa palepale kilipokuwa, juu ya koili kwenye bomba nene, mahali panapochelewa kupata joto kwa kuwa hita iko chini. Nilishawishika kukiweka katikati, ambako kuna nafasi ya mkono. Kingepata joto mapema na kuzima hita barafu ya juu ikiwa bado ipo.

Kona niliyoipasua tarehe 1 nimeiziba kwa utepe wa alumini. Si nzuri kuitazama.

Ijumaa, 21 Februari 2025

Hita iliwaka saa tisa kasorobo usiku, wati 161. Dakika ya 6 ilipita, ya 10 ikapita. Kuanzia dakika ya 13 nilisikia maji yakidondoka kwenye sinia lililo juu ya kompresa, sauti ambayo shangazi anasema hajaisikia tangu mwaka jana. Ilizima dakika ya 24. Jokofu likakaa kimya kwa dakika kadhaa ili matone yaishe, kisha kompresa ikaanza.

Jumamosi, 15 Machi 2025

Tuko katikati ya Ramadhani, na mlango wa jokofu hili hufunguliwa kila dakika tangu alasiri hadi magharibi, kwa ajili ya juisi na maji ya futari. Sikuweza kupata jaribio kali kuliko hilo. Nimeufungua ukuta baada ya daku. Koili ina ukungu mweupe mwembamba ambao kidole kinaufuta, na mapengo kati ya mabati yake yanaonekana yote. Friza iko 19 chini ya sifuri, chini iko 4. Kiungo kimekauka. Nimekipima kihisio kwa kukichomoa kwenye soketi yake, kikiwa palepale kwenye koili baridi, na hesabu yake inalingana na kipimajoto nilichobandika pembeni.

Gharama: fundi wa kwanza 500, kihisio kisichofaa na njia yake 700, kinachofaa na njia yake 850, mita ya wati 1,500, silikoni na mpira wa kusinyaa 350, glavu 50, utepe wa alumini 200. Jumla ni shilingi 4,150, ambazo 850 tu ndizo bei ya kifaa kilichohitajika. Samaki walioharibika, kwa bei ya 600 kwa kilo, ni 1,800 nyingine, na hizo nimezilipa mimi kwa sababu ndimi niliyesema kazi imekwisha.

Kihisio cha kiloomu 5 kipo, kizima, na yeyote wa hapa Lamu ambaye bodi yake inakihitaji atakipata bure, kwa sharti akipime kwanza kwenye barafu. Kinachofuata ni mpira wa mlango wa chini: karatasi niliyoibana kwenye kona ya bawaba inatoka bila kukwama, na mvuke mwingi wa koili hii huenda unapitia hapo.